Chanjo ya Korona na Mashaka ya Watu wa Kalemie: Maswali na Majibu ya Marudio

Kwa wanafunzi wa uuguzi na afya ya jamii. Majibu haya si ya kukariri. Mtahini akikuta karatasi ishirini zenye sentensi zilezile, anajua la kufanya.

Swali la 1. Taja tarehe kuu za korona na chanjo yake nchini Kongo.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika tarehe 2 Machi 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Uchanjaji ulikuwa uanze katikati ya Machi, ukaanza tarehe 19 Aprili. Ucheleweshaji huo wa mwezi mmoja ndio unaotungiwa maswali mengi, kwa hiyo tuuangalie.

Swali la 2. Kwa nini uchanjaji uliahirishwa, na kuahirishwa huko kulileta nini?

Nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha AstraZeneca baada ya watu wachache kupata damu iliyoganda. Shirika la dawa la Ulaya lilichunguza, na tarehe 18 Machi 2021 likasema faida ya chanjo inazidi hatari yake. Baadaye hatari hiyo ilikadiriwa kuwa mtu mmoja hivi kati ya laki moja waliochanjwa.

Lakini dozi za Kinshasa zilikuwa na mwisho wa matumizi, 24 Juni. Serikali ikaona haitazimaliza, na kama milioni 1.3 zikaachiwa nchi nyingine za Afrika. Kitaalamu uamuzi ulikuwa mzuri: heri zichanje watu kwingine kuliko kuharibika. Ila aliyesikia redioni, akiwa Kalemie, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, kwamba Kinshasa imeziachia chanjo zake, ungemtarajia aelewe nini? Juu ya hayo, Rais Tshisekedi alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa na shaka na AstraZeneca. Alichanjwa Septemba 2021, kwa Moderna.

Wanafunzi wengi hapa huandika “uvumi wa wananchi”. Andika ukweli: sehemu kubwa ya shaka ilitoka kwenye taarifa rasmi.

Swali la 3. Kweli au si kweli: watu wa Kalemie wanakataa chanjo.

Si kweli. Hili ndilo swali lenye alama nyingi, na ndilo linaloangusha wengi.

Anza na kipindupindu, maana mji wetu unaishi nacho. Novemba 2013 na Julai 2014 chanjo ya kunywa ilitolewa Kalemie kwa awamu mbili, ikilenga mitaa iliyokuwa ikiugua zaidi. Watu waliinywa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kipindupindu ni nini; karibu kila familia inamjua mtu aliyewahi kulazwa kwa kuhara na kutapika. Chukua na surua. Mlipuko wa 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchi nzima, wengi wao watoto. Mama aliyemzika mtoto wa jirani hahitaji kusukumwa ampeleke wake kuchanjwa.

Korona ilikuja kwa sura nyingine. Ilisemwa sana redioni, ikaonekana kidogo mtaani. Iliwalemea zaidi wazee na wenye magonjwa ya muda mrefu, na vipimo vilikuwa haba, kwa hiyo hata waliokufa nayo wengi hawakujulikana. Mtu hupima chanjo kwa ugonjwa anaoujua. Kwa kipimo hicho, mama yuleyule anayemleta mtoto kwenye siku ya chanjo anaweza kuukataa mkono wake mwenyewe usichomwe, na asijione anajipinga.

Wapo kweli wanaokataa chanjo zote. Miaka ya 2010 hadi 2012, kaskazini mwa Katanga ya zamani, ulikotoka mkoa wetu wa Tanganyika, baadhi ya waumini wa Kitawala na wa makanisa ya Postolo walikataa matone ya polio kwa sababu za imani. Wataje, lakini usiwafanye mfano wa mkoa mzima.

Swali la 4. Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne. Misimamo ya nchi hizo juu ya chanjo ya korona iliwaathiri vipi watu wa Kalemie?

Januari 2021, Rais Magufuli wa Tanzania alizipinga chanjo hizo waziwazi na kuhimiza kujifukiza. Alifariki Machi mwaka huo. Aliyemrithi, Rais Samia, alichanjwa mbele ya kamera tarehe 28 Julai 2021. Burundi nayo ilisema mwanzoni haizihitaji, ikaanza kuchanja Oktoba 2021. Zambia ilianza Aprili, kama sisi.

Sasa mfikirie mchuuzi wa Kalemie aliyekuwa akivuka kwenda Kigoma, Tanzania. Hotuba za Magufuli zilikuwa za Kiswahili, bila mkalimani. Matangazo mengi ya Kinshasa yalikuwa ya Kifaransa.

Swali la 5. Taja uvumi mmoja na uueleze ulikotoka.

Mwaka 2021 ulisambaa ujumbe kwamba Luc Montagnier, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008, amesema waliochanjwa watakufa ndani ya miaka miwili. Hakusema hivyo. Lakini uvumi huo ulikuta watu wana kidonda: Aprili 2020 wataalamu wawili wa tiba wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni juu ya kujaribu chanjo Afrika, na Shirika la Afya Duniani likawakemea.

Swali la 6. Kisa cha mwaka 2021. Chupa ya AstraZeneca ilikuwa na dozi kumi, na ikishafunguliwa ilipaswa kutumika ndani ya saa sita. Ni saa tatu asubuhi, amekuja mtu mmoja tu. Munganga (mhudumu wa afya) afanye nini?

Akifungua, huenda akamwaga dozi tisa. Akimwambia arudi kesho, huenda asirudi, na mtaani atasema alinyimwa. Jibu linalopewa alama: mchanje aliyekuja, kisha watume wahamasishaji wa mtaa wawatafute wengine kabla saa sita hazijaisha. Mtu aliyejikaza akaja ni adimu kuliko dozi.

Swali la 7. Aliyechanjwa jana amerudi, ana homa na mkono unauma. Mwambie nini?

“Mama, homa hii inatokea kwa wengi, kwa kawaida inapita siku moja au mbili. Isipopita, urudi hapa.” Andika kwenye daftari la madhara. Lakini kosa lilifanyika jana, kama hakuambiwa kabla.

Swali la 8. Swali gumu: je, chanjo yenyewe imewahi kuleta ugonjwa mkoani kwetu?

Ndiyo, na usilikwepe. Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto sita wa Kongo na mmoja wa Burundi walipooza kwa virusi vya polio vilivyotokana na chanjo mpya ya matone, na chanzo kilihusishwa na Tanganyika na Kivu Kusini. Virusi dhaifu vya chanjo vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, vinaweza kupata nguvu tena. Kinga yake ni kuchanja watoto wengi zaidi, wala si kusimamisha. Mzazi akikuuliza habari hiyo, mweleze yote mawili. Ukimficha la kwanza, la pili hataliamini.

Ukikuta swali la insha: usianze na neno “ujinga”. Anza na Machi na Aprili 2021.