Kufundisha Historia ya Jamaa Shuleni

Mara nyingi mtoto wa shule aweza kutaja mwaka ambao reli ilifika Nairobi, yaani 1899, lakini akiulizwa jina la baba wa babu yake, hunyamaza. Kosa si lake, kwa kuwa hakufundishwa. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Tena wazee wenye kuyajua mambo hayo wazidi kupungua, na mzee akiisha kuzikwa hapana wa kuulizwa. Basi yafaa walimu na wazazi wajue jinsi ya kuileta historia ya jamaa darasani.

Kwanza, vifaa. Havinunuliwi dukani, vimo sandukuni nyumbani. Ni cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, picha ya harusi, barua za zamani, au kipande, ile hati ya kazi yenye alama za vidole ambayo wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mtoto asiichukue hati yenyewe, isije ikapotea njiani. Na anakili maneno yake daftarini.

Pili, majina. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Hivyo majina ya watoto yaonyesha ya wazee wao. Kwa Wajaluo, Okoth ni aliyezaliwa wakati wa mvua, na Otieno ni wa usiku. Hata mitaa ina habari zake: jina la Kariakor, Nairobi, latokana na kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918.

Tatu, tarehe. Wazee wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, lakini wakumbuka matukio. Tuseme nyanya asema, "Bendera ya Uhuru ilipopandishwa nilikuwa nimeanza kuchunga mbuzi." Uhuru wa Kenya ulikuwa tarehe 12 Desemba 1963. Ikiwa kwao mtoto alianza kuchunga akiwa na miaka sita au saba, basi alizaliwa karibu na mwaka 1956 au 1957. Akisema pia kwamba mama yake alimzaa wakati wa Hali ya Hatari, iliyoanza Oktoba 1952 na kwisha Januari 1960, maneno hayo mawili yapatana. Mwanafunzi na aandike "karibu na", wala asijifanye kujua siku kamili.

Nne, uangalifu. Darasani wamo yatima, wamo waliolelewa na mama peke yake, na wamo ambao babu zao walikuwa pande mbili zilizopigana wakati wa Hali ya Hatari. Kwa hiyo mwalimu asimlazimishe mtoto kusoma habari zake mbele ya wenziwe, na aliyemlea mtoto ahesabiwe kuwa jamaa yake. Mzee asiyetaka kusema jambo asisumbuliwe. Kunyamaza kwake nako kuna sababu.

Kazi ya juma hili: kila mwanafunzi amwamkie mzee mmoja kwa adabu, amwulize maswali matatu: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina lako, na jamaa zetu walihamia hapa kutoka wapi? Majibu yaandikwe kwa wino, pamoja na jina la msemaji na tarehe, na daftari litunzwe.