Maonyo ya Kweli na Maonyo ya Uongo katika Kompyuta

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba kompyuta ina sehemu za namna mbili. Sehemu za kwanza ni vyombo vinavyoshikika, kama vile kioo, kibodi na kipanya. Sehemu za pili ni programu, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta katika kazi zake. Katika somo hili utajifunza kwa nini programu hupitwa na wakati. Tena utajifunza namna ya kupambanua onyo la kweli na onyo la uongo.

1. Programu hupitwaje na wakati?

Fikiri juu ya mtumbwi ulio ukingoni mwa Mto Rufiji, huko Ngorongo. Mti wake ukikaushwa na jua huweza kupata ufa. Pengine ufa huo ni mwembamba kama unywele, wala macho hayauoni. Lakini maji huuona. Mwenye mtumbwi aliye mwangalifu huuziba ufa mapema, kabla hajafika katikati ya mto penye mamba.

Programu haikauki wala haipasuki kama mti. Lakini programu huandikwa na watu, na watu hukosea. Programu kubwa huwa na mamilioni ya mistari ya maagizo, na makosa mengine hugunduliwa baada ya miaka mingi. Mwizi akiligundua kosa la namna hiyo, huweza kupenya humo na kuingia katika kompyuta, kama maji yapenyavyo katika ufa. Kwa sababu hiyo watengenezaji hutoa masahihisho mara kwa mara. Kila sahihisho la namna hiyo huitwa sasisho. Kulitia katika kompyuta huitwa kusasisha.

Hufika wakati watengenezaji wakaacha kuisahihisha programu iliyozeeka. Kwa mfano, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho yake ya kawaida kwa programu ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Kompyuta yenye programu hiyo haikuzimika siku ile. Iliendelea kufanya kazi, lakini ikawa kama mtumbwi usio na fundi.

2. Madhara ya kupuuza onyo la kweli

Tarehe 14 Machi, 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja mkubwa katika programu zake za Windows. Watu wengi hawakulitia. Tarehe 12 Mei, mwaka huohuo, programu mbaya iliyoitwa WannaCry iliupitia ufa huo. Katika siku chache iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Iliyafunga mafaili ya watu, ikadai malipo ili iyafungue. Huko Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa.

Kutoka siku ya sasisho mpaka siku ya msiba zilipita siku 59. Kompyuta zilizokuwa zimetiwa sasisho hilo hazikuweza kuingiliwa kupitia ufa huo. Basi, si kila onyo ni la kupuuzwa.

3. Onyo la uongo hufanyaje kazi?

Matapeli wanajua kwamba watu huogopa maonyo. Kwa hiyo nao hutengeneza maonyo yao. Unaposoma ukurasa wa intaneti, ghafla huweza kutokea maneno kama haya: "Kompyuta yako ina virusi! Bonyeza hapa usasishe sasa hivi!" Ukibonyeza, hupati sasisho lolote. Huenda ukaingiza programu ya wizi, au ukatakiwa ulipe fedha. Ni sawa na mtu asemaye kwamba amekuja kuziba mtumbwi wako, kumbe ameficha keekee ya kuutobolea.

Sasa fikiri juu ya dungu katika shamba la mpunga. Mlinzi aliye juu ya dungu akiita, "Nguruwe!", watu huja mbio. Humwamini kwa sababu wanaijua sauti yake, na tena yuko mahali anapoweza kuliona shamba. Lakini mpita njia aliye mbali, ambaye hawezi kuliona shamba, akisema nguruwe wameingia, amejuaje?

Ukurasa wa intaneti ni kama mpita njia huyo. Kwa kawaida hauna uwezo wa kukagua mafaili yote yaliyo ndani ya kompyuta yako. Unaweza tu kuonyesha picha na maneno, na mtu yeyote anaweza kuchora picha inayofanana na onyo la kweli.

4. Jaribio

Vifaa: kasha lenye mfuniko, karatasi, kalamu, na vitu vitatu vidogo kama mawe au mbegu.

Mwambie mwenzako atie vitu vile katika kasha na kulifunga, nawe usione. Kisha andika juu ya karatasi, "Ndani mna nge watatu." Weka karatasi juu ya kasha. Mwite mwanafunzi mwingine aisome. Je, anaogopa kulifungua? Sasa mwambie mwenzako alifungue. Mna nini ndani?

Umeona kwamba maandishi ya juu hayakubadili kitu kilichomo ndani. Aliyeyaandika hakujua kilichomo. Njia ya kupata ukweli ilikuwa kulifungua kasha lenyewe.

5. Dalili za onyo la uongo

(a) Hutokea ndani ya ukurasa wa intaneti, na mara nyingi hutoweka ukurasa huo ukifungwa.

(b) Hukuharakisha. Huweka king'ora, au saa inayohesabu dakika zilizobaki.

(c) Hukutaka upige simu, ulipe fedha au utoe nenosiri. Maonyo ya kweli ya Microsoft hayana namba ya simu ya kupiga.

(d) Hutaja programu usiyo nayo, au iliyokwisha kuachwa. Kwa mfano, kampuni ya Adobe iliacha kuitunza programu ya Flash Player tarehe 31 Desemba, 2020. Kwa hiyo ukiambiwa leo usasishe Flash Player, jua kwamba unadanganywa.

Lakini yafaa ukumbuke kwamba matapeli wengine ni hodari. Onyo lao huweza kukosa dalili hizi zote. Kwa hiyo iko kanuni moja iliyo bora kuliko dalili zote: usisasishe kwa kubonyeza onyo, nenda mwenyewe mahali pa masasisho ukaangalie.

6. Mambo ya kufanya

Tuseme shule moja ya Ngorongo ina kompyuta moja, na ndani yake yamehifadhiwa majina na alama za wanafunzi wote. Wewe unaitumia, mara onyo linatokea. Fanya hivi:

Kwanza, usibonyeze kitu chochote kilicho ndani ya onyo, hata neno "Ghairi". Huenda picha yote ni kitufe kimoja.

Pili, funga programu unayosomea kurasa za intaneti. Onyo likiwa limeziba kioo chote, bonyeza kitufe cha Esc na ukishikilie. Likikataa, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Likizidi kukataa, zima kompyuta. Utakapoiwasha tena, usikubali kurudishiwa ukurasa ule.

Tatu, mwarifu mwalimu. Pamoja naye fungua sehemu ya kompyuta iitwayo Mipangilio, mtafute mahali pa masasisho. Kama sasisho lipo kweli, mtalikuta hapo. Simu nazo zina mahali kama hapo.

Nne, sasisho la kweli likikutwa, lisiachwe kwa sababu ya uvivu. Masasisho hula bando la intaneti na huhitaji umeme usiokatika. Basi na ipangwe siku ya kuyatia. Programu ikiwa imekwisha kuachwa na watengenezaji, mtaalamu aombwe kuweka nyingine. Kabla ya hapo kompyuta hiyo isiunganishwe na intaneti bila ya lazima.

Tano, kama mtu amekwisha kubonyeza, aseme upesi wala asifiche. Kompyuta itolewe kwenye intaneti mara moja, na manenosiri yabadilishwe kwa kutumia kompyuta nyingine. Aliyedanganywa si mkosaji. Mkosaji ni tapeli. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza udanganyifu wa namna hiyo, na habari zake hupelekwa polisi.

Sita, kazi zote muhimu zinakiliwe katika flashi au diski, kisha chombo hicho kichomolewe na kuwekwa mahali salama. Hata mwizi akiingia, nakala itabaki.

7. Maswali

1. Sasisho ni nini? Lafananaje na kuziba ufa wa mtumbwi?

2. Kwa nini kompyuta iliyotiwa sasisho la Machi 2017 haikuingiliwa kupitia ufa uleule mwezi wa Mei?

3. Eleza kwa nini ukurasa wa intaneti hulinganishwa na mpita njia, wala si na mlinzi wa dungu.

4. Mwanafunzi mmoja asema, "Mimi hupuuza maonyo yote, kwa hiyo siwezi kudanganywa." Je, ana haki? Toa sababu zako.

5. Simu ya nyumbani imeonyesha maneno haya: "Simu yako imezeeka. Bonyeza hapa." Andika kwa utaratibu mambo utakayowashauri wazazi wako wafanye.