Laptopu ya Bei Nafuu: Je, Itatosha Kazi za Nyumbani?

Kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kutafuta huduma za eCitizen na kuwasilisha ripoti ya ushuru kwa KRA kufikia Juni 30, yote sasa hufanywa mtandaoni. Familia nyingi za Mamboleo hulipia kazi hizo saiba, kisha siku moja zinajiuliza kama si afadhali kununua laptopu.

Kwanza orodhesha kazi zenyewe. Kuandika barua na CV, kujaza fomu, kufuatilia masomo na kutazama video ni kazi nyepesi. Laptopu ya bei nafuu inazimudu. Kuhariri video au kuchora ramani za majengo ni habari nyingine. Na kama ni ripoti ya ushuru tu, mara moja kwa mwaka, saiba bado ni rahisi zaidi.

Kisha uliza kuhusu RAM. Windows 11 inahitaji angalau GB 4, lakini hapo ni kama kupikia wageni kumi kwa sufuria ya watu wawili: fungua kurasa kadhaa pamoja na mkutano wa video, mashine inakwama. Tafuta GB 8. Kwa hifadhi, SSD ya GB 256 inatosha nyumba ya kawaida. Jihadhari na laptopu mpya za bei ya chini mno zenye hifadhi ya GB 64 aina ya eMMC. Hiyo hujaa upesi, na kwa kuwa imeunganishwa kwenye bodi, si rahisi kuibadilisha.

Pesa nyingi hupotelea kwenye mitumba, zile laptopu wauzaji huziita ex-UK. Nyingi ni imara, pengine kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Lakini Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka wa 2017. Kizazi husomwa kwenye nambari: i5-8250U ni cha nane, i5-6300U ni cha sita. Windows 11 inaweza kulazimishwa ndani ya mashine ya zamani na ikaonekana sawa dukani. Matatizo huja baadaye kwenye masasisho. Kwa hivyo usitegemee kibandiko cha nje. Mwambie muuzaji afungue mipangilio, usome prosesa na RAM mwenyewe.

Kabla ya kulipa, chomoa chaja na ucheze video kwa dakika ishirini. Betri ikishuka kwa kasi, stima ikipotea nyumbani mtoto atakatizwa katikati ya mtihani wa mtandaoni, kwa hivyo ongeza bei ya betri mpya kwenye hesabu yako. Bonyeza kila kitufe, jaribu kamera na WiFi, kisha udai risiti yenye nambari ya mashine na muda wa dhamana.