Kufunga Dirisha Si Kutoka: Somo Kuhusu Vikao Vilivyoachwa Wazi Kwenye Seva

Sacco, maduka ya jumla na zahanati zenye matawi mara nyingi huweka programu ya hesabu kwenye kompyuta moja kuu, yaani seva. Karani aliye tawini huingia kwenye seva hiyo kupitia mtandao na kufanya kazi kana kwamba ameketi mbele yake. Anachokiona kwenye skrini ni picha tu. Kazi yenyewe inafanyika kwenye seva. Mpango huu hupunguza gharama, ila una tatizo ambalo mteja hulihisi kabla ya mwenye biashara: ikifika adhuhuri mfumo unaanza kujikokota na foleni inarefuka.

Kabla ya kulaumu intaneti, ni vyema kuhesabu vikao vilivyoachwa wazi. Karani anayebonyeza alama ya X juu ya dirisha hajatoka. Amekata mawasiliano tu. Programu zake zinaendelea kula kumbukumbu ya seva, na huenda rekodi ya mteja aliyokuwa akiihariri ikabaki imeshikiliwa, mwenzake asiweze kuigusa. Kutoka hasa ni kufungua menyu ya Start, kubonyeza jina la mtumiaji, kisha kuchagua "Sign out".

Kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kikao kilichotulia: karani bado ameunganishwa, lakini hajagusa kibodi wala kipanya kwa muda. Huyu ndiye aliyekwenda kunywa chai na kuacha akaunti za wanachama wazi kwa yeyote apitaye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na chai si kisingizio. Ya pili ni kikao kilichokatika: dirisha limefungwa, au stima imepotea tawini, lakini kazi ingali hai kwenye seva.

Windows Server, isipobadilishwa, haiweki ukomo kwa hali yoyote kati ya hizo. Fundi anaweza kuuweka kwenye sera za seva, sehemu ya mipaka ya muda wa vikao. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuweka dakika chache kila mahali. Ukomo wa kikao kilichotulia unaweza kuwa mfupi, tuseme dakika 15 au 30, kwa sababu kinachofuata ni kukatwa tu: mtumiaji huonywa dakika mbili kabla, na akiingia tena hukuta kazi yake ilivyokuwa. Ukomo wa kikao kilichokatika ni jambo jingine. Muda huo ukiisha, seva huzima programu zote za mtumiaji, na ambacho hakikuhifadhiwa kimepotea. Kwa hiyo uwe mrefu kuliko kukatika kwa stima kulikozoeleka katika eneo hilo; saa mbili au tatu ni afadhali kuliko dakika 10. Ofisi inayotayarisha ripoti ndefu usiku ihakikishe kwamba ukomo huo hauikatizi, au itumie akaunti tofauti yenye masharti yake.

Kuna pia mpangilio unaofanya kikao kilichotulia kizimwe moja kwa moja badala ya kukatwa. Usiwashwe bila sababu nzito.

Seva ikiwa imeelemewa sasa hivi, msimamizi anaweza kuandika amri quser ili kuona nani yumo, tangu lini, na nambari ya kila kikao. Amri logoff ikifuatwa na nambari hiyo hukizima papo hapo, bila kumuuliza mwenyewe kama amehifadhi kazi. Kwa hiyo simu kwa tawi hutangulia amri. Seva ambayo haijawekewa huduma ya watumiaji wengi nayo hukubali wasimamizi wawili tu kwa wakati mmoja. Fundi wa tatu akifika kushughulikia hitilafu, itambidi kwanza akate kikao cha mmoja wao.