Kuhamia Lodwar au Kakuma: Maisha Yanagharimu Nini?

Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, imepokea walimu, wauguzi, wahandisi, maafisa wa kaunti na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya Kenya. Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini magharibi, imekuwa ikipokea wageni tangu 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa. Kabla ya kufunga virago, karibu kila mmoja huuliza: nitaishije huko, na mshahara utafika mwisho wa mwezi? Mwandishi wetu wa uchumi wa kaya anajibu maswali yanayoulizwa zaidi.

Kwa kifupi, Turkana ni ghali au ni nafuu?

Uliza kwanza bidhaa imetoka upande gani. Mahindi, maharagwe, viazi, kabichi, vitunguu na sukuma wiki hutoka nyanda za juu na hupakiwa malori Kitale. Kutoka hapo hupita Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar, safari ya kilomita 300 hivi, mpaka Lodwar. Vyote hivi vitakugharimu zaidi kuliko ulivyozoea. Vinavyopatikana hapa hapa ndivyo vitakavyokupumzisha: nyama ya mbuzi, maziwa ya ngamia msimu wa malisho, na samaki wa Ziwa Turkana kutoka Kalokol, wabichi au waliokaushwa.

Simama sokoni Lodwar asubuhi ulione hilo kwa macho yako. Mama mboga amefunika mafungu ya sukuma kwa gunia lililoloweshwa, na kila baada ya muda mfupi ananyunyizia maji. Ikifika saa sita, yaliyobaki yameshanyauka na bei imeshuka. Fungu la asubuhi linabeba hasara ya mchana, na maji ya kunyunyizia pia yamenunuliwa. Anayekula mboga za kwao kila siku ataona Turkana ni ghali. Anayejifunza kula samaki mkavu kwa ugali atapumua.

Hata hivyo, maji, umeme na kivuli ndivyo vinavyoamua zaidi kama mtu anaishi vizuri au anavumilia tu, kuliko chakula chenyewe.

Barabara imetengenezwa. Mbona bei hazijashuka sana?

Zimepata nafuu. Sehemu ya Lokichar, Lodwar, Kakuma na kuelekea mpaka wa Sudan Kusini imejengwa upya kwa lami katika miaka ya karibuni kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na safari zimefupika mno. Lakini lami haiondoi umbali, na mambo mawili bado yanaweza kuikata barabara.

La kwanza ni usalama upande wa kusini. Eneo la Kainuk limeteseka kwa miaka mingi kwa wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani. Februari 2023 serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo. Kabla ya kusafiri, waulize madereva wa siku hiyo hali ikoje, na usipite usiku.

La pili ni mafuriko. Mvua ikinyesha milimani, laga, yaani mito ya msimu, zilizokauka miezi mingi hujaa kwa saa chache, malori yakakwama, na maduka yakaanza kubakiwa na rafu tupu. Ndiyo maana wenyeji wenye uwezo huweka akiba ya unga, mchele, mafuta na sukari ya wiki kadhaa. Nawe fanya hivyo mwezi wako wa kwanza.

Nitafute nyumba ya namna gani?

Nyumba inayopitisha hewa. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la mchana huzunguka nyuzi 35, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Chumba cha mabati kisicho na dari hushika joto la mchana hadi usiku wa manane. Utalipa kodi ndogo, kisha ulipe tofauti yake kwa feni, maji baridi na usingizi uliokosa.

Ukienda kuona nyumba, nenda saa nane mchana. Asubuhi kila nyumba inapendeza. Tazama kama kuna dari, kama madirisha yanatazamana ili upepo upite, na kama uani kuna mti. Upepo mkubwa wa Turkana huvuma kutoka kusini mashariki, kwa hiyo dirisha la upande huo lina thamani, ingawa utafuta vumbi kila siku. Nyumba za kienyeji zilizoezekwa makuti ya mkoma zina baridi kuliko nyingi za mawe, na wapangaji wengi wenye vyumba vya mabati hujenga kibanda cha makuti mlangoni kwa ajili ya mchana.

Muulize mwenye ploti maswali matatu: maji ya mfereji huja siku zipi, tangi ni la lita ngapi na linagawanywa na vyumba vingapi, na kama mita ya umeme ni yako peke yako. Uliza pia kama ploti iko karibu na mto Turkwel au Kawalase. Kingo zake zina miti na kivuli, lakini huwa zinafurika.

Na nikitaka kununua ploti?

Usiharakishe. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii, inayolindwa na Katiba na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Barua ya ugawaji haina uzito wa hatimiliki. Mwaka 2012 mafuta yalipogunduliwa kisima cha Ngamia 1, karibu na Lokichar, watu wengi walikimbilia viwanja, na jamii nyingi zikaanza kuuliza nani aliyeuza malisho yao. Ulizia ofisi ya ardhi ya kaunti, wazee wa eneo, na majirani watakaopakana nawe, kabla ya kutoa hata amana.

Maji yanagharimu kiasi gani hasa?

Inategemea unayapata kwa njia gani, na hapa ndipo ukosefu wa haki unapoonekana. Lodwar hupata maji ya visima vilivyochimbwa kando ya mto Turkwel, yanayosambazwa na kampuni ya maji ya mji, LOWASCO. Aliyeunganishwa hulipa kwa mita. Asiyeunganishwa hununua kwa jerikeni ya lita 20, na bei hupanda kadiri mkokoteni unavyokwenda mbali na kioski.

Chukua karatasi upige hesabu. Mita moja ya ujazo ni jerikeni 50. Ukinunua jerikeni moja kwa shilingi 20, mita hiyo imekugharimu shilingi 1,000. Linganisha na bili ya jirani mwenye mfereji, utaona kwamba aliye na kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita. Mtu anayesema gharama ya maji Lodwar ni ndogo kwa kutazama bili yake mwenyewe hajauona mji.

Kakuma hali ni ngumu zaidi. Mto Tarach ni laga: unajaa siku chache, kisha unabaki mchanga. Kambi na mji hutegemea visima virefu, na vijijini wanawake huchimba mchanga wa laga kutafuta maji. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa kuna hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, na watu wakatumaini kwamba kiu imekwisha. Vipimo vilivyofuata vilionyesha chumvi nyingi. Kwa hiyo panga maisha yako kwa maji yaliyopo leo: nunua tangi lako kabla ya kununua kochi.

Umeme je?

Bei ya Kenya Power ni moja nchi nzima, kwa hiyo tokeni zenyewe hazitakushtua. Kitakachokushtua ni matumizi. Nairobi feni ni anasa na friji inaweza kupumzika. Lodwar feni huzunguka usiku kucha, na friji hufanya kazi maradufu.

Kwa miaka mingi mji umetegemea jenereta za dizeli nje ya gridi ya taifa, ilhali bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, liko mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi. Wakazi wamelisema jambo hilo kwa uchungu tangu bwawa lianze kuzalisha umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, nao wana haki ya kulisema.

Ndani ya kambi ya Kakuma, wafanyabiashara wenye jenereta huwavutia majirani nyaya na kutoza ada ya mwezi kulingana na vifaa vyako. Ni ghali kuliko umeme wa mita, lakini kwa wengi ndio uliopo. Katika makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, jirani na Kakuma, kuna mitambo midogo ya sola inayosambaza umeme. Ukiwa na uwezo, paneli moja na betri nzuri ni matumizi ya busara, kwa sababu jua la Turkana halikosekani.

Nikichagua kati ya Lodwar na Kakuma, nizingatie nini?

Lodwar ni mji wa ofisi. Una uwanja wa ndege, benki, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Una pia historia yake: Jomo Kenyatta alizuiliwa hapa baada ya kutolewa gereza la Lokitaung mwaka 1959.

Kakuma ni mji wa soko. Pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2010, unabeba wakimbizi takriban 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, ukiwa na biashara zaidi ya 2,000. Utapata injera, kahawa ya Kihabeshi, chapati za Kisomali na vitenge vya Kongo katika mtaa mmoja. Nyumba nzuri za kupanga ni chache, na wafanyakazi wengi wa mashirika hukaa ndani ya kambi za waajiri wao.

Lakini soko hilo linasimama juu ya msaada. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa wakimbizi sehemu ya mgao kwa njia ya Bamba Chakula, pesa za simu zilizotumika kwenye maduka yaliyoidhinishwa. Mwaka 2025 mgao ulipopunguzwa vibaya kwa ukosefu wa fedha, wakimbizi waliandamana, wenye maduka wakabaki na madeni kwenye madaftari, na akina mama wa Kiturkana wanaouza kuni na makaa kambini wakarudi nyumbani na mizigo yao. Mwenye duka au mwalimu wa shule binafsi Kakuma anapaswa kuufuatilia mgao kama anavyofuatilia mvua.

Watoto na afya?

Ulizia shule kabla ya nyumba, maana madarasa ya Kakuma hujaa sana. Kwa afya, hakikisha familia yote imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kituo kilicho karibu kinaitambua. Kakuma ina Hospitali ya Misheni, lakini ugonjwa mzito utakupeleka Lodwar, au Eldoret, na nauli ya dharura ni sehemu ya gharama ya maisha. Malaria ipo, licha ya ukame, na joto huwafanya watu walale nje. Laleni nje, lakini ndani ya chandarua.

Wenyeji wanasema maisha yamepanda, na wao hawapangi nyumba wala hawalipi tokeni. Wanapima kwa nini?

Kwa mbuzi. Mfugaji huuza mbuzi ili anunue unga. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi inayoonyesha mbuzi mmoja anaweza kununua kilo ngapi za mahindi. Ukame ukija, mbuzi hukonda na bei yake kushuka, wakati huo huo mahindi yanapanda. Kaya inapigwa mara mbili bila kubadilisha chochote katika matumizi yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020.

Utafiti wa serikali wa 2015/16 ulikuta asilimia 79.4 ya wakazi wa Turkana wanaishi chini ya mstari wa umaskini, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote. Mpango wa kukinga kaya maskini dhidi ya njaa, HSNP, huwapa baadhi ya kaya shilingi 2,700 kwa mwezi. Ukipokea posho ya mazingira magumu juu ya mshahara wako, kumbuka kwamba mazingira hayo hayo ndiyo ya jirani yako, naye halipwi kitu kwa kuyavumilia.

Basi nipange vipi bajeti yangu?

Anza na maji: tangi, kisha jerikeni za akiba. Fuatisha nyumba yenye hewa, hata ikikubidi ulipe kodi zaidi, kwa sababu utaokoa kwenye umeme na afya. Tatu, weka chakula kikavu cha wiki tatu au nne. Nne, tenga nauli ya dharura ambayo huigusi. Kinachobaki ndicho mshahara wako halisi, na hicho ndicho cha kulinganisha na ulikotoka.

Usibishane na muuza maji juu ya shilingi tano. Bishana kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti, ambako sheria inakupa nafasi ya kusema, na uulize mfereji utafika lini mitaa inayonunua kwa jerikeni. Mtaa unaonunua maji ghali kuliko wote ndio unaoonyesha kama Lodwar na Kakuma zinafaa kuishi.