Bei ya Kitu Adimu Unaipangaje? Jifunze kwa Pleti Namba za Dubai

Wadau, Aprili 2023 pale Dubai pleti namba P 7 iliuzwa mnadani kwa dirham milioni 55. Pleti tu, siyo gari! Sasa wewe mwenye kitu adimu dukani, usikimbilie kupandisha bei. Pita hapa kwanza:

1. Hesabu vipo vingapi. Pleti za Dubai zina herufi na namba ya tarakimu 1 hadi 5. Kila herufi ina nafasi 9 tu za tarakimu moja, 90 za tarakimu mbili, ila 90,000 za tarakimu tano. Ndo maana tarakimu zikipungua, bei inapanda.

2. Je, mnunuzi atakimiliki kihalali? Dubai namba inahamishiwa jina la mnunuzi hata bila kuuza gari. Isingehamishika, ingebaki bati tu.

3. Tofautisha hisani na soko. P 7 iliuzwa kwenye mnada wa kuchangia chakula cha wahitaji. Namba 1 ya Abu Dhabi, iliyofika dirham milioni 52.2 mwaka 2008, nayo ilikuwa mnada wa hisani. Pale mtu analipia namba pamoja na sadaka. Mwenye pleti ya kawaida akijilinganisha na hizo, mtaji unalala.

4. Bei anayotaja muuzaji siyo bei. Bei ni ile iliyolipwa. Tafuta vitu vitatu kama chako ambavyo VIMESHAUZWA, ndo upange yako.

Una kitu gani adimu stoo? Kipitishe kwenye haya manne leo kabla hujakiposti.