Kufundisha Joto kwa Kava la Kiti

Mada ya joto hufundishwa katika shule za msingi kwa maneno machache ambayo mtoto huyakariri upesi: joto hutanua vitu, na baridi huvisinyaza. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa chuma, kwa hewa na kwa vitu vingi vinginevyo. Lakini mwalimu anayeitoa kana kwamba haina mpaka hujitegea mtego mwenyewe. Makala haya yanaeleza somo moja la vitendo kwa darasa la tano au la sita, ambalo vifaa vyake hupatikana kwa fundi viti na fundi viatu wa jirani, na ambalo humfundisha mwanafunzi kuijua kanuni pamoja na mpaka wake.

1. Kazi ya fundi

Fundi anayevalisha kiti cha gari au kochi hulikata kava likiwa dogo kidogo kuliko sponji, ili likaze. Kava la namna hiyo haliingii kwa urahisi. Pembe hubaki na mikunjo, na anayelivuta kwa nguvu hupasua mshono. Kwa sababu hiyo mafundi wenye vifaa hutumia mashine ya mvuke, yaani chombo cha umeme chenye tangi la maji na mpira wa kupitishia mvuke. Fundi hulainisha kava kwa upande wa ndani, hulivisha sponji na kulinganisha mishono, kisha hulivuta kutoka katikati kuelekea pembeni. Wakati huo mdomo wa mashine hutembea bila kutua mahali pamoja. Mwishowe hulifunga chini ya kiti kwa pini au kwa pete za waya. Kava la vinili, yaani ngozi bandia, likipoa hali limevutwa, hubaki na umbo la kiti.

Kava likiwa la ngozi halisi, fundi huyo huyo hubadili mwendo. Hutumia mvuke kidogo, huweka mdomo wa mashine mbali zaidi, na hujaribu kwanza juu ya kipande cha akiba. Kwa nini afanye hivyo? Swali hilo ndilo somo lenyewe.

2. Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Vinili ni plastiki iliyochanganywa na kilainishi na kupakwa juu ya kitambaa. Chembe zake ni ndefu kama nyuzi. Zikipata joto huteleza, na plastiki hulainika na kuvutika. Zikipoa hutulia zilipofikia. Mtoto aliyewahi kuona kikombe cha plastiki kikipinda kwa chai ya moto amekwisha kuona jambo hilo.

Ngozi asili yake ni mwili wa mnyama. Imefumwa kwa nyuzi za protini zilizosokotwa kama kamba, na dawa ya kutengenezea ngozi huzishikamanisha. Joto la kiasi pamoja na unyevu hulainisha nyuzi hizo. Likizidi, msokoto hufumuka, nyuzi hujikunja, na ngozi husinyaa na kuwa ngumu bila kurudi tena ilivyokuwa. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama vile miwati, hufikia hali hiyo kwenye takriban nyuzi 70 hadi 85 za Sentigredi. Iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu, kama zilivyo ngozi nyingi za viti vya magari, aghalabu hustahimili hadi karibu na nyuzi 100 au zaidi. Mfano ulio karibu na watoto ni nyama: kipande kikubwa kikichemka hujikunja chunguni.

3. Vifaa na tahadhari

Yahitajika jiko, birika lenye mdomo mwembamba, sufuria, koleo, rula, jiwe la kiasi cha nusu kilo, kipande kimoja cha vinili na vipande viwili vya ngozi iliyotengenezwa kwa magome. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimeta 20 na upana wa sentimeta 3.

Mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka. Kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 0 hadi 100, na joto hilo lote hutolewa mvuke unapogusa mkono na kurudi kuwa maji. Isitoshe, mvuke wenyewe hauonekani. Wingu jeupe ni matone ya maji. Hatari kubwa imo katika nafasi iliyo tupu kwa macho, kati ya mdomo wa birika na wingu hilo. Kwa hiyo mwalimu peke yake ndiye atakayekaribia jiko, na mstari wa chaki uchorwe sakafuni meta 2 kutoka hapo. Awepo mtungi wa maji safi ya baridi: aliyeungua amwagiwe kwa dakika 20, wala asipakwe mafuta. Mabaki ya vinili yasichomwe moto, kwani moshi wake una tindikali.

4. Hatua za somo (vipindi viwili)

(a) Utangulizi. Wanafunzi wapime vipande vyote, kisha kila mmoja aandike daftarini anavyodhani vitakuwaje vikipata joto. Mwalimu asisahihishe makisio hayo.

(b) Vinili. Kipande kining'inizwe hali kimefungiwa jiwe, na kipitishiwe mvuke juu na chini kwa dakika mbili. Kiachwe kipoe kikiwa na jiwe, kisha kipimwe. Aghalabu huongezeka milimita chache tu, kwa kuwa kitambaa cha nyuma hukizuia. Basi vipimo vichukuliwe kwa uangalifu.

(c) Ngozi. Kipande cha kwanza kipitishiwe mvuke kwa mbali. Kikipoa, wanafunzi wakikunje, watakiona kimelainika. Cha pili kitumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili na kutolewa kwa koleo. Kikipoa wakipime: kimekuwa kifupi, kinene na kigumu.

(d) Majadiliano. Wanafunzi walinganishe makisio na vipimo, kisha waeleze kwa nini fundi huiogopea ngozi mvuke mwingi.

5. Kosa la kuepukwa

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilikwisha kuandika ubaoni kwamba joto hutanua vitu, ndipo mtoto mmoja akauliza kwa nini mkanda wa ngozi ulioangukia maji ya moto hufupika. Sikujua. Nikamjibu kwamba labda mkanda ule ulikuwa mbovu, nikaendelea na somo. Baadaye nilifahamishwa kwamba baba yake alikuwa fundi viti, na kwamba jambo hilo mtoto alilijua kwa macho yake. Hadi nilipoondoka pale hakuinua mkono tena. Somo langu lilikwenda kama lilivyopangwa katika andalio, lakini mwanafunzi mmoja alijifunza kwamba anayoyaona nyumbani hayana thamani shuleni.

Jibu lililofaa lilikuwa fupi: "Sijui, tulijaribu kesho." Kusema hivyo hakumshushii mwalimu heshima, ilimradi kesho ikifika alijaribu kweli.

6. Tathmini na maswali kwa wanachuo

Mwanafunzi atahesabiwa amefahamu atakapoweza kueleza, kwa vipimo vyake mwenyewe, joto limefanya nini kwa kila kipande.

(i) Mbeya, iliyo juu sana kuliko usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Je, jaribio la ngozi litafaulu huko? Toa sababu.

(ii) Taja fundi mmoja karibu na shule yako ya mazoezi, na uandike swali moja la sayansi ambalo kazi yake inaweza kulijibu.